Sauti za bunduki ni za bandia, mbio za watu ni za kweli

Video yenyewe haifiki dakika mbili. Inaonyesha watu wakitembea kando ya barabara, akina mama wamebeba magodoro na masufuria, vijana wanasukuma chukudu iliyojaa magunia. Chini ya picha hizo inasikika milio ya silaha nzito, mfululizo, pamoja na mlipuko mmoja unaotikisa hata spika ndogo ya simu. Juu yake mtu ameandika kwamba mambo hayo yanatokea sasa hivi, hapa karibu. Video hiyo iliingia katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani pembezoni mwa Goma saa moja jioni, wakati watu wanapokusanyika kwenye kibanda cha kuchaji simu. Nusu saa baadaye, familia kadhaa zilikuwa zimeshafunga vitu vyao.

Mama mmoja alitoka na mtoto mwenye homa, akalala nje juu ya mawe ya volkano, mvua ikinyesha, kwa sababu aliogopa kukutwa ndani ya hema. Watoto wawili walipotezana na wazazi wao gizani, wakapatikana asubuhi. Asubuhi hiyo hakukuwa na vita yoyote karibu. Wauza makala walipita barabarani kama kawaida.

Mzee mmoja muuza tumbaku ndiye aliyeuliza swali ambalo wengine hawakuwa wameuliza: "Hawa watu kwenye picha, mbona hakuna hata mmoja anayegeuza kichwa?" Watu wakaangalia tena. Kweli. Mlipuko unapiga, mbuzi pembeni anaendelea kula majani. Mtoto aliyeshikwa mkono hashtuki. Wakasikiliza tena, mara hii kwa makini: risasi tatu, kimya kidogo, risasi mbili, mlipuko. Kisha tena risasi tatu, kimya kidogo, risasi mbili, mlipuko. Ni kipande kile kile kinarudi, kama kiitikio cha wimbo. Vita haina kiitikio.

Mtu fulani alichukua picha za kweli za watu wa kweli, pengine za miezi mingi iliyopita, akaziwekea sauti iliyotoka mahali pengine. Kazi hiyo ina watetezi wengi mjini. Wengine wanaiita montaji, wengine wanasema ni kupamba, wengine kuongeza hisia. Jina lake ni uongo, na uongo huo una mguu: unakimbiza watu ambao wamekwisha kukimbia mara tatu, mara nne.

Watetezi hao wana hoja moja wanayoipenda. Wanasema hata filamu zinafanya hivyo hivyo, na hakuna anayelalamika. Hoja hiyo inafaa kuangaliwa vizuri, maana nusu yake ni kweli.

Katika filamu, sauti haiji pamoja na picha kama watazamaji wengi wanavyodhani. Inawekwa kwa tabaka. Kuna tabaka la maneno ya waigizaji, tabaka la muziki, na tabaka la kelele nyingine zote: hatua, milango, upepo, risasi. Kila tabaka liko peke yake, na fundi anaweza kulipandisha, kulishusha au kulitoa kabisa. Ndiyo maana filamu ya Kimarekani inaweza kuzungumza Kifaransa: tabaka la maneno linaondolewa, lingine linaingizwa, muziki na kelele vinabaki pale pale. Huko Hollywood kulikuwa na fundi mmoja wa studio ya Universal, Jack Foley, aliyefanya kazi ya kutengeneza hatua za waigizaji kwa miguu yake mwenyewe huku akitazama picha, na mpaka leo ufundi huo unaitwa kwa jina lake. Mfupa unaovunjika kwenye filamu mara nyingi ni shina la mboga linalokunjwa mbele ya maikrofoni. Bunduki nayo huchanganywa sauti kadhaa ili iwe na besi nzito na mwangwi mrefu, kwa sababu bunduki halisi ikirekodiwa peke yake inasikika kavu na fupi, na mtazamaji aliyelipa tiketi anaona amepunjwa.

Kuna hata kilio kimoja ambacho mafundi wa sauti duniani wanakijua kwa jina. Kilirekodiwa mwaka 1951 kwa ajili ya filamu ya Marekani iitwayo Distant Drums, sehemu ambayo mwanamume anakamatwa na mamba ndani ya maji. Kilio hicho kikahifadhiwa katika maktaba ya sauti ya studio, baadaye kikatumiwa katika Star Wars, na tangu hapo kimeingia katika mamia ya filamu. Mafundi wanakiita Wilhelm. Watu wanaanguka kutoka farasini, kwenye maghorofa, ndani ya moto, na wote wanalia kwa koo la mtu yule yule mmoja.

Hayo yote si kosa. Anayeingia sinema anajua kwamba mtu aliyeanguka atasimama, atanawa rangi nyekundu na kwenda kula. Kuna mapatano kati ya mtengenezaji na mtazamaji, hata kama hakuna aliyeyaandika. Lakini mama wa Masisi anayetembea na godoro kichwani hajaingia katika mapatano hayo. Anayeiona picha yake kambini hajaingia pia. Hakulipa tiketi ili aogopeshwe.

Michezo ya simu na ya PlayStation inaonyesha jambo hili kwa namna nyingine. Kwenye mchezo, sauti haikupangwa kwa mstari mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, bali inamngoja mchezaji. Akibonyeza, risasi inalia. Adui akikaribia, muziki unabadilika. Mwenye spika za masikioni anajua kama hatua zinatoka kushoto au kulia, na kijana mjanja anashinda kwa masikio kabla ya macho. (Vijana wengi wa Goma watakubali hapa bila kubishana.) Watoto wa kambini wana ujuzi huo huo bila kuwa na simu. Mtoto wa miaka minane kutoka Rutshuru anaweza kusema kama silaha inayolia iko mbali au karibu, na kama inakuja au inakwenda. Hakujifunza kwa mchezo.

Mwaka 2022, kampuni ya Bohemia Interactive ya Jamhuri ya Cheki ililazimika kutoa tangazo kwa sababu vipande vya mchezo wake wa vita, Arma 3, vilikuwa vinasambazwa duniani kama picha za kweli za vita vya Ukraine na vya nchi nyingine. Kampuni ikaeleza namna ya kuvitambua: picha hafifu, kamera inayotetemeka, giza, na mara nyingi video haina sauti. Waongo walikuwa wanatoa sauti kwa kuwa sauti ya mchezo ingewaumbua. Hapa Kivu mambo yamepinduka. Picha ni ya kweli, sauti ndiyo ya bandia. Na hii ni hatari zaidi, kwa sababu anayeitazama anamtambua shangazi yake, anaitambua barabara, anaitambua ile kona yenye mti, kisha sikio linakubali kila kitu kinachokuja nyuma ya picha hiyo.

Kuna watu wanaobadilisha sauti ya filamu kila siku mbele ya macho ya watu, na hakuna anayedanganywa. Ni wale wasimulizi wa filamu wa namna ya Lufufu kule Dar es Salaam, DJ Afro kule Kenya, na wenzao wa Kampala. Kazi za namna hiyo zinazunguka mpaka kwenye vyumba vya video vya Bukavu na Goma. Msimulizi anaishusha sauti ya filamu, anaingiza yake, anampa jambazi wa Hong Kong jina la mtaani, anatania, anaongeza mambo ambayo mwigizaji hakuyasema kamwe. Watu wanacheka, na wote wanajua ni nani anayesema. Sauti yake haijifichi nyuma ya mtu mwingine. Kijana wa chumba cha video mwenye maikrofoni iliyofungwa kwa kamba ana unyoofu kuliko ofisi nyingi zenye kamera za bei kubwa.

Maana si vijana wa WhatsApp peke yao wanaofanya kosa hili. Hapo ndipo wengi wanapenda kunyamaza.

Mama mmoja mwenye umri wa kuwa bibi, aliyekimbia kutoka Masisi, alihojiwa na timu ya shirika moja la misaada. Aliongea dakika kumi na moja kwa Kiswahili. Alieleza kwamba jina lake lilikosekana kwenye orodha ya ugawaji mara mbili mfululizo, na kwamba kila alipouliza alitumwa kwa mtu mwingine. Alieleza kwamba bomba la maji linafungwa saa sita mchana, wakati ule ule ambao akina mama wanarudi kutoka kutafuta kuni. Alitaja wajibu wa serikali. Aliuliza swali kuhusu mashamba: nani anavuna maharagwe waliyoyapanda? Aliongea kwa ukali na kwa mpangilio, kama mtu anayetoa ushahidi mbele ya baraza la wazee.

Miezi michache baadaye mjukuu wake alimwonyesha video kwenye simu. Mama huyo anaonekana kwa muda usiofika dakika moja. Anasikika akisema maneno mawili tu, "Tulikimbia usiku", kisha sauti ya mwanamke mwingine, changa na ya taratibu, inamfunika kwa Kifaransa. Chini yake kuna piano. Chini ya piano kuna sauti ya mwanamke anaimba bila maneno, kama anaomboleza. Orodha haimo. Bomba halimo. Maharagwe hayamo. Mama alitazama hadi mwisho, akamwuliza mjukuu: "Huyu anayelia ni nani? Mimi sikulia."

Swali hilo lingetosha kufunga ofisi kwa siku moja ili watu wafikiri.

Piano ile haikuongeza hisia. Iliondoa dai. Mtu aliyesimama kudai haki yake aligeuzwa kuwa mtu anayehurumiwa, na kazi hiyo ilifanywa na sauti, kwa sababu uso wake kwenye picha bado ni uso wa mtu anayedai. Ukizima sauti ya video hiyo na kutazama mdomo na mkono wake, unaona. Anapiga kidole kwenye kiganja, moja, mbili, tatu. Anahesabu. Mtu anayelia hahesabu namna hiyo.

Watengenezaji wa video za aina hii wana majibu yao, na yanafaa kusikilizwa. Wanasema wafadhili wako mbali, hawajui Kiswahili, na bila muziki hawatazami zaidi ya sekunde kumi. Wanasema pesa zinazotoka kwa video hizo ndizo zinazonunua unga. Inawezekana. Lakini maandishi chini ya picha yanaweza kutafsiri kila neno la mama yule bila kumfunika mdomo. Ikiwa mfadhili hawezi kusoma mistari mitatu ili ajue kwamba bomba linafungwa saa sita, basi huenda pesa zake zitanunua bomba lingine nalo litafungwa saa sita. Unga unaonunuliwa kwa machozi ya kuazima hauongezi jina la mtu kwenye orodha.

Wanasema pia kwamba sauti ya kambini ni mbaya: upepo, watoto, plastiki inayopigapiga. Jibu la hoja hii linatoka kwa mafundi wa filamu wenyewe. Wanapomaliza kupiga picha mahali, wanawaomba watu wote wanyamaze kwa nusu dakika au dakika nzima, wanarekodi kimya cha mahali hapo. Wanafanya hivyo kwa sababu kila mahali pana kimya chake, na fundi atakihitaji baadaye ili maneno ya waigizaji yasikike kama yametoka pale. Kimya cha kambi nacho kipo. Kina plastiki inayopigwa na upepo wa kutoka ziwani, kikohozi katika hema la tatu, ndoo inayoburutwa juu ya mawe, redio ya mtu inayokatika betri, kwaya ikifanya mazoezi ya Jumapili mbali kidogo. Usiku wa mvua kina maji yanayopita chini ya vitanda. Anayekifuta kimya hicho na kuweka piano amefuta sehemu ya ushahidi. Kikohozi kile kilikuwa habari.

Na ngoma zile ambazo huwekwa kila mara Afrika inapoonyeshwa, ni za nani? Hazitoki kwa Wahunde wala kwa Wanande wala kwa Wabashi. Zinatoka kwenye maktaba ya sauti, zimeandikwa "Afrika", na kambi ya Kivu inapewa ngoma zile zile zinazopewa simba wa mbugani. Nchi ambayo rumba yake iliingizwa mwaka 2021 na UNESCO katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu haikosi muziki. Wakimbizi wenyewe wana muziki wao kwenye simu: kwaya za kanisa, rumba ya zamani, nyimbo za vijana wa Goma, walizonunua kwa franka chache kwa kijana anayejaza kadi za memori. Hakuna timu iliyowahi kumwuliza yule mama angependa wimbo gani, au kama angependa wowote.

Kuna atakayesema kwamba haya ni mambo madogo mbele ya njaa na mabomu. Watu wa Goma hawawezi kusema hivyo kwa urahisi. Wanakumbuka Mei 2021. Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22, na tarehe 27 gavana wa kijeshi alitangaza kwamba wakaaji wa kata 10 kati ya 18 za mji waondoke. Ilikuwa sauti ya mtu mmoja. Mamia ya maelfu ya watu wakaondoka siku ile kwenda Sake, Minova, Rutshuru, Bukavu na ng'ambo ya mpaka Gisenyi. Waliondoka kwa sababu msemaji alijulikana ni nani, na tangazo lilikuwa na siku na mahali. Hivyo ndivyo sauti inavyoweza kuhamisha mji. Sasa nguvu hiyo hiyo iko mikononi mwa kila mtu mwenye programu ya kuunganisha video kwenye simu, na hakuna anayemwuliza jina.

Nchi jirani ilionja jambo hili kwa namna mbaya kuliko zote. Redio RTLM ya Rwanda, iliyoanza mwaka 1993, haikuanza kwa kupiga kelele za chuki tu. Ilivuta watu kwa muziki mzuri na utani, sikio likazoea, kisha yakaja yaliyokuja mwaka 1994. Anayedhani kwamba muziki uliowekwa kabla ya maneno hauna maana yoyote hajasoma historia ya eneo hili la Maziwa Makuu.

Kuhusu sheria, kuna watakaosema serikali ikamate watu. Kongo ina sheria ya dijitali ya Machi 2023 inayoadhibu usambazaji wa habari za uongo mtandaoni. Lakini mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikaa gerezani Kinshasa kuanzia Septemba 2023 mpaka Machi 2024 kwa mashtaka yaliyohusu makala ambayo haikuwa hata na saini yake, huku wanaounganisha milio ya bunduki na picha za wakimbizi wakiendelea kulala nyumbani kwao. Kumpa askari kazi ya kusikiliza sauti ipi ni ya kweli ni kutafuta balaa lingine. Afadhali masikio ya raia yazoezwe.

Na masikio hayo hayaanzi na sifuri. Mzee wa tumbaku alitumia kanuni ya kwanza bila kufundishwa: angalia watu walio kwenye picha wanafanya nini sauti inapopiga. Kanuni nyingine kila mtu aliyekaa chini ya radi anaijua. Mwanga unafika kabla ya sauti. Sauti inakwenda takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mlipuko unaoonekana umbali wa kilomita moja unapaswa kusikika sekunde tatu baadaye. Video ikionyesha moto mlimani na mshindo unapiga papo hapo, kuna mkono wa mtu hapo katikati. Tena simu haina maikrofoni ya sinema. Bunduki ikilia karibu, simu inazidiwa, sauti inakuwa kavu, bapa, kama kibao kinachopigwa juu ya meza. Besi nzito yenye mwangwi mrefu na mtamu ni ya studio. Na kipande kikirudi mara mbili sawasawa, hapo hakuna tena cha kujadili.

Ujumbe wa sauti peke yake, odio bila picha, ni mgumu zaidi kwa sababu hauna mbuzi wa kumtazama. WhatsApp inaweka alama ya mshale kwenye ujumbe uliopitishwa, na mishale miwili kwa uliopitishwa mara nyingi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo unaweza kupitishwa kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa wakati mmoja. Lakini anayeuhifadhi na kuutuma upya anaifuta alama hiyo. Kwa odio, swali ni lile la zamani la kijijini: nani anasema, yuko wapi, na leo ni siku gani? Odio isiyotaja jina, mahali wala tarehe ni sawa na mtu anayepiga kelele usiku akiwa amejifunika uso.

Redio za mji nazo zina deni. Tangu mwaka 2002 Radio Okapi inatangaza kwa Kiswahili pamoja na lugha nyingine za nchi, na redio nyingi ndogo za Kivu zimejifunza kutoka kwake desturi ya kusema ni nani anayesikika na alirekodiwa wapi. Lakini baadhi ya redio hizo ndogo zimeanza kuweka milio ya risasi mwanzoni mwa taarifa ya habari, kama mapambo, ili taarifa iwe na moto. Mwenye kubuni mapambo hayo huenda hajawahi kumwona mama akiangusha sufuria ya uji kwa sababu redio ya jirani ilianza habari za saa kumi na mbili. Taarifa ya habari ina kengele yake. Kengele inatosha.

Kinachodaiwa hapa si kikubwa. Picha ya mkimbizi ibaki na sauti iliyorekodiwa nayo. Aliyeongeza muziki au kelele aandike juu ya picha, kwa herufi zinazosomeka, kwamba ameongeza. Anayetafsiri amwache msemaji amalize sentensi yake kwanza, au aweke maandishi, na kabla ya kutoa video arudi kambini amwonyeshe aliyehojiwa. Kurudi huko ndiko wengi wanakokukwepa, kwa kisingizio cha mafuta ya gari, ingawa gari lilipata mafuta ya kuja kupiga picha.

Katika kambi ile ya video ya jioni, rais wa kambi amekwisha kuanza bila kungoja mtu. Anayefika na kamera anaambiwa masharti mawili kabla ya kuonyeshwa hema hata moja: sauti ibaki kama ilivyo, na nakala irudi. Mwezi wa kwanza zilifika timu tatu. Moja ilikubali, ikarekodi, na wiki mbili baadaye ikarudi na nakala kwenye fulashi, watu wakaitazama kwenye kibanda cha kuchaji simu, kikohozi na upepo vikiwemo. Mbili ziliwasha magari na kuondoka.